Kipimo na Kipimwacho: Historia ya Njia za Kupima Vitamini D katika Damu

Neno kipimo lina maana tatu katika Kiswahili. Ni chombo cha kupimia, kama pishi na mizani. Ni tendo la kupima, kama isemwapo kuwa mgonjwa amefanyiwa kipimo. Tena ni kiasi kipatikanacho baada ya kupima. Katika mazungumzo ya kila siku maana hizo hazigombani, kwa sababu msikilizaji huzitenga mwenyewe. Walakini katika elimu ya damu maana hizo zimewahi kuchanganywa kwa hasara. Kiasi kilichoandikwa katika karatasi ya mgonjwa kilidhaniwa kuwa ni sifa ya damu yake peke yake, kumbe sehemu yake ilikuwa sifa ya chombo kilichotumika. Historia ya upimaji wa vitamini D ni ushahidi mkubwa wa jambo hilo.

Wafanyabiashara wa pwani ya Afrika ya Mashariki walilifahamu jambo la namna hii zamani. Pishi ni vibaba vinne, na hesabu hiyo haikuwa na ubishi. Lakini kibaba cha tele si sawa na kibaba cha mfuto, na mnunuzi mwangalifu hakuuliza bei kabla ya kujua ni kibaba cha namna gani. Wataalamu wa damu walihitaji miaka mingi kuuliza swali hilohilo.

Jina la vitamini lenyewe si la kale. Mwaka 1912 Casimir Funk, mtaalamu wa kemia mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifanya kazi London, alibuni jina hilo kwa vitu vya chakula ambavyo vikikosekana, hata kama kiasi chake ni kidogo sana, huleta maradhi. Mwaka 1919 Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwa mbwa kuwa ugonjwa wa matege waweza kuletwa na chakula, na kuzuiwa kwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka huohuo Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaponya watoto wenye matege kwa mwanga wa taa ya zebaki. Mambo haya mawili yalionekana kama kwamba yanapingana, maana mmoja alitaja chakula na mwingine alitaja mwanga. Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenzake huko Baltimore waliyachemsha mafuta ya ini la samaki na kuyapitishia hewa ya oksijeni mpaka vitamini A iliyomo ikaharibika, nayo mafuta yakaendelea kuponya matege. Basi ikajulikana kuwa kiponyacho ni kitu kingine, nacho kikapewa herufi D. Mwaka 1924 Harry Steenbock wa Wisconsin na Alfred Hess wa New York, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kuwa chakula kikipigwa na mwanga wa urujuanimno hupata nguvu ya kuponya. Hapo ugomvi ukaisha: vitamini D humfikia mwanadamu kwa njia mbili, kwa kinywa na kwa ngozi iotayo jua.

Kipimo cha kwanza cha vitamini hiyo kilikuwa ni mnyama. Panya wachanga walilishwa chakula cha kuwaletea matege, kisha wakapewa mafuta yaliyotakiwa kupimwa. Baada ya siku chache mifupa yao ilipasuliwa na kutiwa dawa ya fedha, na mchunguzi akatazama mstari mweusi ulioonyesha mahali ambapo mfupa mpya ulianza kujaa chokaa. Mstari mpana ulikuwa dalili ya vitamini nyingi, na mstari mwembamba dalili ya vitamini chache. Mwaka 1931 mkutano ulioitishwa chini ya Shirikisho la Mataifa uliweka kizio cha kimataifa ili panya wa nchi moja waweze kulinganishwa na panya wa nchi nyingine. Kwa hesabu ya leo kizio kimoja ni sehemu 0.025 ya mikrogramu, yaani vizio 40 hufanya mikrogramu moja.

Njia hiyo ya panya ilifaa kwa mafuta na maziwa, walakini kwa damu ilikuwa na udhaifu mkubwa. Vitamini iliyomo katika damu hupimwa kwa nanogramu, na nanogramu ni sehemu moja katika sehemu bilioni za gramu. Kwa hiyo kwa muda mrefu waganga waliitafuta vitamini D kwa kuzunguka: walipima chokaa na fosforasi katika damu, wakatazama picha za mifupa, wakakisia. Waliona moshi wakahukumu kuwa pana moto.

Mwaka 1968 mambo yaligeuka. Blunt, DeLuca na Schnoes wa Wisconsin walitambulisha umbo ambalo vitamini D hulipata ikiisha kupita katika ini. Kwa lugha ya kemia huitwa 25-hidroksivitamini D. Hapa litaitwa umbo la ini. Baadaye kidogo ikafahamika kuwa figo huligeuza tena umbo hilo kuwa umbo la pili, ambalo ndilo lenye nguvu ya kuamuru matumbo yafyonze chokaa. Msomaji angeweza kudhani kuwa lenye nguvu ndilo lipasalo kupimwa. Sivyo. Umbo la figo hudumu katika damu kwa saa chache tu, na mwili hulipandisha na kulishusha kwa haja yake. Mtu mwenye upungufu aweza kuonekana analo la kutosha, au hata la kuzidi. Umbo la ini hudumu kwa majuma mawili au matatu, nalo huonyesha akiba iliyoingia kwa jua na kwa chakula. Kwa sababu hiyo likachaguliwa kuwa ndilo la kupimwa.

Lilibaki swali la jinsi ya kulipima. Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walikuwa wamefungua njia karibu na mwaka 1960, walipopima homoni ya insulini kwa kutumia kingamwili na alama ya mnururisho. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Mwaka 1971 Haddad na Chyu wa Marekani walitumia kanuni ya jamaa hiyo kwa umbo la ini. Kanuni yenyewe yaweza kufahamika kwa mfano wa chombo chenye nafasi chache. Nafasi hizo ni za protini yenye tabia ya kulishika umbo la ini. Hutiwa abiria wa namna mbili: wale waliotoka katika damu ya mgonjwa, ambao idadi yao haijulikani, na wale waliotiwa alama ya mnururisho, ambao idadi yao inajulikana. Wote hugombea nafasi zilezile. Damu ikiwa na vitamini nyingi, wenye alama wachache hupata nafasi. Ikiwa na vitamini chache, wenye alama wengi hupanda. Mchunguzi huwahesabu wenye alama, akajua wasio na alama.

Uzuri wa njia hiyo ulikuwa wepesi wake wa kuhisi vitu vidogo. Ubaya wake ulikuwa kwamba chombo hakikuwa na mlinzi wa mlangoni. Vitu vingine vya damu vilivyofanana na umbo la ini vilipanda pia, navyo vikahesabiwa kana kwamba ni lenyewe, na kiasi kikazidi ukweli. Dawa yake ilikuwa kuisafisha damu kwanza katika mrija wa kutenganisha vitu, kazi ya kuchosha na ya gharama. Katika miaka ya 1970 wengine walifuata njia ya kromatografia ya majimaji, ambayo hutenganisha vitu kwa kuvisukuma ndani ya mrija uliojaa chembe ndogo na kuvitambua kimoja kimoja kwa jinsi vinavyonywa mwanga wa urujuanimno. Njia hii iliweza kulitenga umbo litokanalo na vitamini D2 na lile litokanalo na vitamini D3; lakini ilitaka damu zaidi, muda zaidi, na mkono uliofundishwa.

Tofauti ya D2 na D3 yastahili kuelezwa, kwa kuwa imeleta madhara ya kweli. D3 ndiyo ifanywayo na ngozi ya mwanadamu na ya wanyama. D2 hutokana na hamira na uyoga vilivyopigwa na mwanga, nayo imetumika sana kama dawa, hasa Marekani, ambako vidonge vyake vya vizio 50,000 vimekuwa vikiandikwa na waganga kwa miaka mingi. Mwaka 1985 Hollis na Napoli walitangaza kipimo cha kingamwili kwa umbo la ini, na mwaka 1993 Hollis na wenzake wakakiboresha kwa alama ya aidini yenye mnururisho. Kingamwili yao iliyashika maumbo yote mawili karibu sawasawa, na kipimo hicho kikaenea. Baada ya hapo zikaja mashine zijiendeshazo, ambazo ziliacha mnururisho na kutumia alama itoayo mwanga. Mashine hizo hupima damu za watu wengi kwa siku moja bila mkono wa mtu kugusa kila chupa, lakini si kingamwili zote za mashine zilizokuwa na usawa ule wa kwanza. Baadhi yake zililiona umbo la D3 vizuri na kulipunja la D2. Mgonjwa aliyekunywa vidonge vya D2 kwa uaminifu aliweza kurudi kwa mganga wake na karatasi ionyeshayo kuwa hana vitamini, akashukiwa kuwa hakunywa dawa, au akaongezewa nyingine juu ya aliyokwisha kuipata.

Kasoro ya pili ilikuwa ya ndani zaidi. Vitamini D haielei peke yake katika damu. Hubebwa na protini ambayo kazi yake ni ya mchukuzi, nayo humshika mzigo wake kwa nguvu. Katika njia za zamani mchunguzi aliivunja nguvu hiyo kwa dawa kama alkoholi, akaitoa vitamini yote kabla ya kuipima. Mashine hazina nafasi ya kazi hiyo. Hujaribu kuifungua mizigo ndani ya chombo kilekile kwa muda mfupi. Mahali penye protini mchukuzi nyingi baadhi ya mizigo hubaki imefungwa, na kiasi hutoka pungufu. Mwaka 2012 Heijboer na wenzake wa Uholanzi walizilinganisha njia sita za upimaji na njia ya marejeo, wakaona kuwa baadhi yake zilikosea kwa kufuata kiasi cha protini hiyo. Wanawake wajawazito, ambao protini hiyo huongezeka mwilini mwao, walikuwa miongoni mwa walioathirika.

Kosa la kipimo likiingia katika damu ya mtu mmoja humdhuru mmoja. Likiingia katika hesabu ya taifa hupotosha wengi. Marekani hufanya uchunguzi wa taifa wa afya na lishe. Makala iliyochapishwa mwaka 2009 ilieleza kuwa wastani wa umbo la ini ulikuwa nanogramu 30 kwa mililita katika miaka ya 1988 hadi 1994, na nanogramu 24 katika miaka ya 2001 hadi 2004. Kwa msomaji wa haraka ilikuwa kama taifa zima limeingia kivulini. Walakini mwaka mmoja kabla yake Anne Looker na wenzake walikuwa wameonyesha kuwa kipimo cha kingamwili kilichotumika kilikuwa kimetengenezwa upya kati ya vipindi hivyo viwili, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti ilitoka katika kipimo. Walipoirekebisha hesabu, upungufu uliobaki kwa wanaume wengi ulikuwa nanomoli 5 hadi 9 kwa lita, na kwa wanawake wengi haukuonekana. Anguko la nanogramu 6 ni sawa na nanomoli 15 kwa lita. Kwa hiyo yaonekana wazi jinsi chombo kilivyochangia.

Hapa msomaji atakuwa ameona kuwa vizio navyo ni viwili. Kiasi huandikwa kwa nanogramu katika mililita au kwa nanomoli katika lita, na nanogramu moja katika mililita ni sawa na nanomoli mbili na nusu katika lita. Namba 30 kwa kizio cha kwanza ni akiba njema. Kwa kizio cha pili ni upungufu. Namba iliyoandikwa bila kizio chake haina maana.

Njia iliyokuja kuaminiwa kuliko nyingine ni ya kupima uzito wa molekuli. Tangu katikati ya miaka ya 2000 maabara kubwa zilianza kuunganisha kromatografia ya majimaji na spektrometa ya tungamo. Kwanza vitu vya damu hutenganishwa katika mrija; kisha molekuli hutiwa chaji ya umeme, huchaguliwa kwa tungamo lake, huvunjwa, na vipande vyake huchaguliwa tena. Kabla ya yote hutiwa katika damu kiasi kinachojulikana cha umbo lilelile lililojengwa kwa haidrojeni nzito. Hicho hupotea na kupatikana pamoja na kile cha damu, nacho huwa shahidi wa hasara yoyote ya njiani. Njia hii hulitenga la D2 na la D3, wala haitegemei hisani ya kingamwili.

Hata hivyo nayo si malaika. Mwaka 2006 Singh na wenzake walionyesha kuwa katika damu ya baadhi ya watoto wachanga pana pacha wa umbo la ini, mwenye tungamo lilelile ila sehemu yake moja imegeuzwa upande. Mizani ya tungamo haiwezi kuwatofautisha mapacha hao wasipotenganishwa kwanza katika mrija ufaao. Katika baadhi ya watoto hao pacha huyo alikuwa zaidi ya nusu ya jumla. Kwa hiyo kipimo bora kuliko vyote kiliweza kumtangaza mtoto mwenye upungufu kuwa ana akiba ya kutosha. Tena mashine yenyewe ni ya bei kubwa, nayo hutaka wataalamu. Hospitali nyingi zitaendelea kutegemea kingamwili.

Kwa kuwa hapana chombo kisicho na kasoro, ilibidi patafutwe pishi moja ya kulinganishia vyombo vyote. Tangu mwaka 1989 mpango mmoja ulioanzishwa Uingereza umekuwa ukipelekea maabara nyingi damu ileile na kuzionyesha majibu yao yalivyotofautiana. Mwaka 2009 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa maji ya damu yaliyopimwa kwa uangalifu mkubwa, katika viwango vinne. Kimoja kiliongezwa umbo la D2 na kingine kiliongezwa yule pacha, ili kila maabara ijijue udhaifu wake. Mwaka 2010 ukaanza mpango wa kimataifa wa kusanifisha upimaji wa vitamini D, ukishirikisha taasisi hiyo na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji kwa njia za marejeo. Maabara inayotafuta ithibati chini ya mpango huu haina budi kuonyesha kuwa kosa lake la kuelemea upande mmoja halizidi asilimia 5, na kutangatanga kwa majibu yake hakuzidi asilimia 10.

Ulinganisho huo ulihitajika kupita mipaka ya vitamini yenyewe, kama lilivyoonyesha jambo la protini mchukuzi. Wamarekani weusi huwa na umbo la ini kidogo kuliko weupe, nao juu ya hayo mifupa yao ni imara zaidi na haivunjiki sana. Mwaka 2013 Powe na wenzake walitoa maelezo katika jarida mashuhuri la tiba: watu weusi wana protini mchukuzi kidogo, wastani wa mikrogramu 168 kwa mililita dhidi ya 337 za weupe, na kwa hiyo sehemu ya vitamini iliyo huru hulingana. Maelezo hayo yalipendeza kwa kuwa yalifungua fumbo. Lakini kingamwili waliyoitumia ilikuwa ya namna moja tu, nayo haikuishika vema aina ya protini hiyo iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2016 Henderson na wenzake waliipima protini hiyo kwa spektrometa ya tungamo, wakaona kuwa weusi na weupe wanayo karibu sawa. Tofauti iliyosemwa kuwa ya damu ilikuwa ya kingamwili. Fumbo la mifupa likabaki, lakini jibu moja la uongo liliondolewa. Kama isingepimwa kwa njia ya pili, vitabu vingeendelea kuandika kama sifa ya watu jambo lililokuwa sifa ya chombo.

Kwa mwangaza huo yafaa kutazama kazi moja iliyofanywa Tanzania. Mwaka 2012 Luxwolda na wenzake, wakishirikiana na maabara ya Groningen nchini Uholanzi, walitangaza vipimo vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25, watu wanaoshinda nje kutwa nzima ingawa hulikwepa jua kali wakiweza. Wastani wa umbo la ini ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, yaani nanogramu 46 kwa mililita. Wa chini kabisa alikuwa na 58 na wa juu kabisa 171. Damu hizo zilipimwa kwa tungamo, wala si kwa kingamwili, na hilo huzipa namba hizo nafasi ya kulinganishwa na za nchi nyingine zilizopimwa vivyo hivyo. Walakini ni watu 60 wa jamii mbili, wala si Afrika ya Mashariki yote. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam ashindaye ofisini hana hakika ya kuwa damu yake ni kama yao.

Hata mpaka wa upungufu wenyewe haukukubaliwa na wote. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema kuwa nanomoli 50 kwa lita zawatosha karibu watu wote. Mwaka huohuo Chama cha Endokrinolojia kilitaka 75. Mwaka 2024 chama hicho kiliacha kuidhinisha mpaka maalumu. Mipaka hiyo ilijengwa juu ya tafiti zilizotumia vipimo mbalimbali, na nyingi zilifanywa kabla ya usanifishaji. Si ajabu kwamba ukuta uliojengwa kwa matofali yasiyolingana haukunyooka.

Mambo haya yanamhusu mwandishi na mfasiri wa Kiswahili kama yanavyomhusu mtaalamu wa maabara. Habari za damu zitaendelea kuandikwa katika lugha hii, nazo huingia kwa maneno machache yanayobeba mengi: kipimo, kiwango, upungufu. Ingefaa kipimo kiachiwe chombo, upimaji uwe tendo, na kiasi kiwe jibu. Kiwango kiwekwe kwa mpaka uliokubaliwa, na upungufu usitajwe mpaka kiasi kimelinganishwa na kiwango. Pamoja na maneno hayo, kila namba ya vitamini iandikwe na wenzake wanne: umbo lililopimwa, njia iliyotumika, kizio cha hesabu, na marejeo ambayo maabara imejilinganisha nayo. Namba iliyokosa hao wanne ni kibaba ambacho haijulikani kuwa ni cha tele au cha mfuto.